Mstari Mtupu kwenye Kadi ya Kliniki

Mimi nimezaliwa Ngombezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge, na mtu wa kambini hafundishwi kunyamaza. Kule familia mbili hugawana ukuta mmoja. Ukipiga chafya jirani anakwambia pole, na ukitukanwa usipojibu, kesho yake watoto wanakuzomea. Nilipoolewa Handeni, kwenye kijiji kilicho upande wa barabara iendayo Korogwe, nilihamia na mdomo wangu vilevile ulivyo. Mama mkwe aliuona siku ya kwanza. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, huku kwetu watu husalimiana kwanza, ndipo wagombane."

Yule mama nampenda sana, na ndiye niliyemdanganya. Nasema mapema ili asije mtu akapoteza muda kunitafutia sifa njema.

Kabla mume wangu hajazaliwa, mama mkwe alizika watoto wawili kwa surua ndani ya wiki moja. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua maharage, na hakutaja surua kwa jina. Alisema "ule ugonjwa". Mpaka uzee wake ule hakuwahi kulitamka jina lile, kana kwamba lingesikia likaitika. Binti yangu alipokaribia miezi tisa, bibi yake alianza kuhesabu kwa mwezi mwandamo. Mtu asiyejua kusoma, lakini tarehe ya chanjo aliijua kuliko mimi mwenye kadi.

Siku ilipofika alinipikia uji mwenyewe, akamfunga mtoto mgongoni mwangu kwa mikono yake, akasema, "Leo anachanjwa ule ugonjwa. Na huo mdomo uache hapahapa, utaukuta." Nikacheka. Zahanati ilikuwa kijiji cha pili, na kwa mwenye mtoto mgongoni na tope la masika miguuni, asubuhi nzima inaishia njiani.

Nilikuta wanawake wawili tu wenye watoto wa rika la wangu. Wengi walikwisha kuhamia mashambani. Nesi alikuwa msichana mdogo kwangu, peke yake zahanati nzima. Akawapima watoto kwenye mizani, akaandika kilo zao, halafu akafunika kalamu. "Chanjo ya surua mrudi Jumanne ijayo," akasema. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza, na nikiri kwamba alinieleza kistaarabu. Dawa ile huja kwenye chupa ya watoto kumi. Ikishafunguliwa hailali, inamwagwa siku ileile. Sisi tulikuwa watatu. Akiifungua atamwaga ya watoto saba, na wengine wakija atakosa ya kuwapa.

Baadaye sana nesi mwingine aliniambia kwamba chupa hufunguliwa hata kwa mtoto mmoja. Labda. Siku ile yule binti aliogopa kuulizwa dawa imekwenda wapi, nami sikumpa nafasi hata ya kuogopa vizuri.

"Hiyo chupa umenunuliwa na baba yako?" nikamwambia. "Watu tumetoka na umande, miguu imechubuka, unatuletea hadithi za chupa?"

"Mama, ongea vizuri."

"Nikiongea vibaya utanifanya nini?"

Wale wenzangu wawili wakainamia watoto wao. Nikasema na mengine ambayo siyaandiki, la mwisho likamgusa mama yake mzazi. Yule nesi akafunga kabati, macho yamejaa machozi. Akaniambia, "Wewe Jumanne usije. Kamtafutie mwanao chanjo huko kwenu." Nikatoka nimeinua kichwa. Haki ya Mungu, nilijiona mshindi.

Ushindi wenyewe haukufika hata nusu ya njia. Nilipoanza kuona miti ya kijijini kwetu nilikuwa najiuliza nitasema nini. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya macho, ananitazamia.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

"Nionyeshe."

Hakutaka kusoma, alitaka kugusa. Nikafungua kadi. Mstari wa surua ulikuwa mtupu, mweupe. Mistari ya juu yake ilijaa tarehe za zile sindano za mapajani alizochomwa alipokuwa kichanga. Nikakishika kidole cha mama mkwe, nikakiweka juu ya tarehe mojawapo. "Ni hapa," nikasema. Akapitisha kidole mara mbili, taratibu, akasema alhamdulillahi, na machozi yakamtoka. Mwee! Nilitamani ardhi inimeze, lakini sikufumbua mdomo. Siku pekee uliyotakiwa kusema, mdomo wangu ukawa na adabu.

Nilikuwa na mpango. Jumanne ifuatayo nirudi kimyakimya, nimpigie nesi magoti, mtoto achanjwe, yaishe. Lakini mtu ambaye mwanawe amechanjwa wiki iliyopita anakwenda zahanati kufanya nini? Nikasema nakwenda kumsalimia rafiki yangu upande ule. Mama mkwe akajifunga kanga ya pili, akasema twende wote, na yeye ana salamu zake. Tukaenda kwa huyo rafiki, tukanywa chai, tukarudi. Nilipita mbele ya mlango wa zahanati nikiwa nimemtanguliza mama mkwe, na mstari ule mtupu umo ndani ya mkoba wangu. Wiki iliyofuata tukahamia shambani.

Watu huuliza kwa nini watoto wa huku hukosa chanjo. Wanadhani tunaogopa sindano, au dini inakataza, au hatujui faida. Wengine ni kweli. Mimi faida niliijua, na nilikuwa naishi na mtu aliyeijua kwa makaburi mawili. Niliogopa nesi asinifukuze mbele za watu, na niliogopa mama mkwe asinione muongo. Hofu mbili ndogo tu, za aibu. Kubwa zaidi ya hizo sikuwa nayo.

Shamba letu liko mbali na kijiji. Masika yakianza tunabeba sufuria, magodoro na kuku, tunakaa kwenye banda la udongo tukipalilia na kulinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe mpaka yakauke. Mume wangu alikuwa Hale kwenye vibarua, kwa hiyo tulikuwa watatu tu, mimi, mama mkwe na mtoto. Binti yangu alijifunzia kutembea huko, akishika nguzo moja, akiiacha, akiikimbilia ya pili huku anacheka. Ilikuwa miezi mizuri.

Siku moja mwanamke aliyetoka gulioni alipita na habari kwamba surua imeingia. Wakulima walisema imeletwa na wafugaji wanaohama na ng'ombe, wafugaji nao walisema wameikuta kwetu. Mama mkwe aliposikia akainua mikono. "Mungu atunusuru," akasema. "Wetu sisi amechanjwa." Mimi nilikuwa napepeta. Nikaendelea kupepeta ungo usio na kitu. Mtoto alikuwa mzima, anacheza na kifuu. Hapo ndipo ningesema. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia vilevile.

Haikupita wiki mbili. Akaanza na homa na mafua, macho mekundu, kikohozi kikavu kisichompa nafasi ya kunyonya. Siku ya nne vipele vikatokeza nyuma ya masikio, vikashuka usoni. Mama mkwe akamchukua akamtoa nje kwenye mwanga. Akamgeuza shingo, akamkunjua sikio, akampitishia kidole kwenye midomo. Niliona rangi ikimtoka usoni yule mama.

"Ungeniuliza mimi," akasema, "ningesema ni ule ugonjwa."

Nikamfukuzia mtoto nzi.

Akamtazama tena kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi, hata akatabasamu kidogo. "Lakini huyu amechanjwa. Astaghfirullah, uzee huu unanitisha bure. Ni joto, na meno yanamtoka."

Wallahi ile pumzi aliyoishusha ilinichoma kuliko kisu. Mwanamke yule alikuwa ameutambua ugonjwa kwa macho yake na kwa vidole vyake, na uongo wangu ndio uliomfanya asijiamini. Angejua ukweli, angembeba mtoto saa ileile mpaka barabarani. Badala yake alimwogesha kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, akamkorogea uji wa ulezi. Nami nikamshikia bakuli.

Siku ya kwanza ya vipele nilijidanganya kwamba labda ni meno kweli. Huyu mzee ameona mengi, nani mimi nimpinge? Siku ya pili macho ya mtoto yaliganda usaha, nikawa nayapangusa kwa kitambaa kilicholowekwa, yanafunguka kidogo na kufumba tena. Akawa halitazami jua. Nilikwenda kupalilia nikarudi baada ya mistari miwili, nikaenda nikarudi. Mama mkwe akaniuliza, "Una nini wewe leo, mbona huna utulivu?" Nikamjibu kwamba namhurumia mtoto tu.

Siku ya tatu akaacha kulia. Mtu asiyelea atadhani hiyo ni nafuu. Mtoto anapolia unajua yupo. Wangu alikuwa amelala kifudifudi begani kwangu, mbavu zikiingia na kutoka, anapumua kama aliyekimbia kutoka mbali, na nilipomwita hakugeuka. Nikasema, "Mama, twende hospitali." Akaniangalia, akaweka sikio mgongoni kwa mtoto, akasimama bila kuuliza. Tukaacha uji jikoni. Tulitembea mpaka tukapata bodaboda, na barabarani tukapata gari la Korogwe. Njia nzima nilimfunika mtoto kwa kanga, na abiria mwenye kichanga alipotaka kukaa karibu yetu nilimwambia hapa pamelowa. Hiyo ndiyo akili iliyokuwa imenibakia.

Hospitali daktari alikuwa kijana mpole. Akamfunua mtoto, akamsikiliza kifua, akamtazama macho kwa tochi. Uso wake ukabadilika. "Amechanjwa surua?"

"Amechanjwa," mama mkwe akajibu kabla yangu, kwa sauti ya mtu anayejivunia. "Huyu hajakosa kliniki hata siku moja, daktari. Mimi mwenyewe nilisimamia."

"Kadi mnayo?"

"Anayo mama yake."

Kadi ilikuwa ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa nailoni. Nikashika mkoba kwa mikono miwili. Nilisema tumeisahau shambani. Ndiyo, nilisema hivyo, na mtoto anakoroma begani kwangu. Daktari akakunja uso, akaanza kuuliza kama amelishwa kitu, kama amepewa dawa yoyote, kama kuna mwingine anayeumwa nyumbani. Kila swali niliona lilikuwa linampeleka mbali na mwanangu. Nyuma yetu benchi lilijaa wanawake na watoto wao wakisubiri. Mmoja alikuwa na pacha.

"Hajachanjwa," nikasema.

Mama mkwe akanigeukia kwa huruma. "Amechanganyikiwa, daktari, hajala tangu juzi."

"Hajachanjwa, mama. Siku ile nilimtukana nesi, akanifukuza. Niliona aibu kukwambia." Nikatoa kadi, nikampa daktari. Akaisoma, akaita nesi, wakamchukua mtoto haraka, wakatuhamishia chumba cha peke yetu mbali na wale wengine.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha chuma. Akaitazama mikono yake muda mrefu.

"Na kidole changu," akaniuliza taratibu, "ulikiweka wapi?"

"Kwenye sindano za zamani."

Akatikisa kichwa. "Mimi niliutambua. Nikajiambia nimezeeka. Na wewe umekaa unanitazama."

"Nisamehe, mama."

"Tuombe kwanza apumue," akasema.

Alipumua. Walimwekea mrija wa oksijeni puani, wakampa sindano na matone ya vitamini, wakampaka dawa machoni, na sisi wawili tulipokezana kumshika mikono asiung'oe. Katika siku zile mama mkwe alinisemesha mambo ya kazi tu, lete maji, shika hapa, kafue. Kila nesi alipoingia na uso mzito nilisimama. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikikosea naanza upya kwa woga, kana kwamba kukosea kwangu kungeisimamisha moja. Asubuhi moja akafungua jicho la kulia, akamwona bibi yake, akasema "uji". Sote wawili tuliangua kilio mpaka tukakemewa. Jicho la kushoto halikufunguka vizuri. Lilipofunguka lilikuwa na kiwingu cheupe katikati, na daktari alituambia hilo halitaona tena.

Tulipotoka, tukingoja gari, mama mkwe akaniambia bila kunitazama, "Kijijini tutasema alichanjwa, na ugonjwa ukampata hivyo hivyo. Mume wako akisikia lingine atakuacha, na huyu mwenye jicho moja atalelewa na nani?" Alinisitiri. Mtu niliyemfanya aonekane mjinga mbele ya daktari alinivika nguo. Nilimbusu mkono. Nilishukuru, Mungu anisamehe, nilishukuru kwa moyo wote.

Tukasema hivyo. Waliokuja kutupa pole walimtazama mtoto jicho, wakauliza, "Kwani hakuchanjwa?" na mama mkwe akajibu, "Alichanjwa, bwana, amri ya Mungu tu." Walitikisa vichwa wakaondoka, na jibu wakaondoka nalo.

Mwaka haukuisha nikaanza kuona. Siku za kliniki wanawake wa mtaa wetu hawapiti njiani. Nilipompeleka binti yangu chanjo ya pili ya surua, maana ya kwanza alipewa alipopona, na ndiyo, nilimwomba yule nesi niliyemtukana radhi, na alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akaniuliza wenzangu wako wapi. Nikasema wako shambani. Lakini nilikuwa nimewaacha nyumbani, na nilijua wanasema nini, maana mmoja aliniambia usoni, kwa nia njema kabisa: "Shoga, unahangaika na jua lote hili la nini? Wako si alichanjwa, na surua ikamla jicho?"

Huyo ni jirani yangu, ua wa minyaa ndio unaotutenga. Ana mtoto wa kiume aliyekuwa ametimiza miezi tisa wakati huo, mnene, mcheshi, akimwona binti yangu anarusha miguu. Kila nilipomtazama yule mtoto nilimtafuta vipele nyuma ya masikio. Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikamwambia mama mkwe kwamba nakwenda kusema. Akasema, "Ukisema, mimi nami nitakuwa muongo kijiji kizima."

"Najua, mama."

"Basi nenda kabla sijakukataza."

Nilimkuta jirani anaanika mhogo. Nilimweleza kila kitu, chupa, nesi, matusi, kidole cha mama mkwe, shamba, siku zile tatu, uongo wa hospitali, mpaka maneno ya kwenye kituo cha gari. Nililia kwa kwikwi. Yeye aliendelea kupanga mhogo, polepole, kisha akaacha. Nikatoa kadi niliyoibeba kwa ushahidi, nikaifungua. "Tazama mwenyewe tarehe. Ile ya miezi tisa haikuwapo. Hii hapa wameiandika alipopona."

Hakuipokea. Alinitazama, akamtazama binti yangu aliyekuwa akicheka na mwanawe, jicho moja likiwa limefumba kwa jua.

"Kadi hii," akasema, bila ukali wowote, "si ndiyo hiyohiyo uliyomdanganyia mama mkwe wako?"

Akambeba mtoto wake akaingia ndani.

Nimerudi kwake mara nyingi tangu siku ile. Hunikaribisha, hunipa chai, huzungumza mengine. Mpaka ninapoandika haya mtoto wake hajachanjwa. Nyumba zetu ziko karibu, kila sauti nasikia. Mtoto yule akikohoa, mimi husimama na nilichoshika mkononi, ndoo au mwiko au mtoto wangu mwenyewe, nasikiliza, mpaka anyamaze.